Mitandao ya Kijamii Huku Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Maswali haya yametoka kwa watu wa mikoa hii miwili: wakulima wa Tandahimba na Newala, akina mama wauza samaki wa Mikindani, walimu, makungwi, vijana wa bodaboda, na wazee wenye simu za tachi walizonunuliwa na watoto wao. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, sasa nayaweka kwa maandishi ili kila mtu ayasome kwa nafasi yake.

Msimamo wangu niuseme mapema. Mitandao hii imetufaa kuliko wengi wanavyokiri. Madhara yake makubwa nayo huingilia mlango uleule wa faida: tunaamini ujumbe kwa sababu tunamfahamu aliyetuma, bila kujua nani aliuandika.

Mimi siko mitandaoni, nina WhatsApp tu. Yananihusu?

Yanakuhusu kuliko mwenye TikTok. Watu wengi wanaosema hawako mitandaoni utawakuta kwenye kundi la ukoo, la mtaa, la kikoba, la AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) na la wazazi wa darasa la nne. WhatsApp ilianza 2009, miaka mitano baada ya Facebook, na ni mtandao wa kijamii kama ndugu zake. Tofauti ni kwamba TikTok unaletewa video za mtu usiyemjua, zilizochaguliwa na mashine kwa kuangalia ni zipi ulizokawia kuzitazama. WhatsApp unaletewa na shemeji. Kwa mgeni tunajihadhari, kwa shemeji hatujihadhari, na waathirika wengi niliokutana nao wameumizwa kupitia WhatsApp.

Mimi ni mkulima wa korosho. Nitapata nini zaidi ya kumaliza bando?

Kwanza bei. Korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu 2007, kwenye minada ya vyama vikuu: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na majirani zake, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao. Siku hizi mnada ukimalizika, karatasi ya bei ya juu na ya chini inapigwa picha na kufika vijijini kabla wakulima waliohudhuria hawajapanda pikipiki kurudi. Zamani mkulima wa ndani aliisikia bei kutoka kwa mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho kwa bei ya chini nje ya mnada, ambaye riziki yake ilitegemea mkulima asiijue bei halisi. Sisemi kangomba imekwisha. Njaa bado inawauzisha watu korosho zikiwa maua. Ila anayeuza leo anajua anapoteza kiasi gani, na mwenye kujua hivyo huanza kutafuta njia nyingine ya kupata fedha ya chakula.

Pili, magonjwa ya mikorosho. Ukiona unga mweupe kwenye maua, huo ni ubwiriunga, na kila siku unayochelewa inakula mavuno yako. Piga picha mbili: moja ya karibu kabisa ikionyesha ua, nyingine ya mti mzima. Zitume kwa bwana shamba wako, na umwandikie ulipuliza nini na lini. Picha moja ya mbali, yenye giza na bila maelezo, haimsaidii yeye wala wewe. Tunao watafiti wa korosho hapahapa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Ushauri unaotoka kwao kupitia maofisa ugani una thamani kuliko wa mtu anayetangaza dawa ya chupa kwenye kundi na hana hata duka.

Sasa hasara. Habari ya bei ikikosa tarehe ni hatari hata kama ilikuwa kweli. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ilikuwa kweli wakati ule. Taarifa hiyohiyo ikirushwa leo bila tarehe inakuwa uongo, na hakuna aliyebadilisha hata herufi moja. Angalia tarehe, jina la mnada na daraja la korosho. Kimoja kikikosekana, usipange matumizi kwa karatasi hiyo. Na ukumbuke kwamba bei ya mnada siyo hela utakayoiona kwenye akaunti, kwa sababu makato bado.

Ninauza samaki na pweza. Inawezekana kupata wateja wa Dar es Salaam?

Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo. Kinachouza ni picha ya asubuhi hiyohiyo, yenye mwanga wa jua, mzigo ukiwa kwenye mizani namba zikisomeka. Usichukue picha nzuri ya mtu mwingine, maana mteja wa kwanza akipokea kitu tofauti atawaambia hamsini. Mzigo ukipakiwa kwenye basi, mtumie picha ya boksi likiwa na jina lake, risiti ya basi na namba ya gari. Kwa mteja mpya chukua nusu ya malipo kabla. Usitoe mzigo kwa skrinishoti ya muamala. Angalia salio lako mwenyewe.

Nimepata ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Kweli bado kuna watu wanaingia kwenye mtego huo?

Wanaingia, na wala si wajinga. Ujumbe ule unategemea kwamba katika maelfu waliotumiwa, yupo mmoja ambaye saa hiyohiyo alikuwa anadaiwa ada, kodi au hela ya mbolea. Kwake yeye ujumbe unaonekana umetoka kwa mtu wake.

Unaoniumiza zaidi ni ule unaotoka kwenye namba ya mtu unayemjua kweli. Huwa hivi: unapigiwa simu au unaandikiwa, "Samahani, kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako kimakosa, naomba nitumie." Zile namba sita ndizo ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp. Ukizitoa, tapeli anaifungua akaunti yako kwenye simu yake, wewe unatolewa nje, naye anaanza kuwaandikia watu wako mmoja mmoja: "Dada, nimekwama, niazime laki moja, kesho asubuhi narudisha." Jina ni lako na picha ni yako, na kwenye makundi uliyomo keshajua nani ni shangazi na nani ni mjomba. Mama mmoja wa Lindi alinionyesha mazungumzo ya namna hiyo. Tapeli alikuwa amemwita kwa lakabu yake ya nyumbani, aliyoikuta kwenye kundi la ukoo.

Kinga yake ni mambo matatu. Namba za uthibitisho hapewi mtu yeyote, hata akisema ni wa kampuni ya simu. Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili na uweke namba ya siri utakayoikumbuka. Na ndugu akiomba hela kwa maandishi, mpigie kwa simu ya kawaida, umuulize jambo ambalo mgeni hawezi kulijua: mbuzi wa nani alikula mbaazi za babu, nani alizimia siku ya harusi. Hatakasirika. Ndugu wa kweli atacheka na kujibu.

Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Na mara mojamoja bonyeza *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni ya simu husika ukaifute.

Kuna programu inakopesha dakika tano bila dhamana. Nichukue?

Kabla ya kuchukua, angalia inaomba ruhusa gani. Ikitaka kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako, hapo ndipo dhamana ilipo. Ukichelewa kulipa, wanawaandikia bosi wako, mkwe wako na mwalimu wa mtoto wako kwamba wewe ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kikoba cha mtaani kina masharti na maneno yake, lakini hakikutangazi kwa mkwe. Yale makundi ya "weka elfu hamsini upate laki mbili wiki ijayo" ni upatu uleule ulioliza watu enzi za DECI mwaka 2009, sasa umehamia kwenye simu.

Nitajuaje habari ya kimbunga au mafuriko ni ya kweli?

Swali hili lina uzito huku kwetu. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya Kimbunga Kenneth, shule zikafungwa Mtwara, na watu wakahama maeneo ya mabondeni na ufukweni. Tarehe 25 kimbunga kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na huko kikaua watu. Mei 2024 kikaja Hidaya. Upepo ulipungua nguvu ulipokaribia pwani, lakini mvua yake ilikata barabara kuu kule Somanga, Kilwa, na mikoa yetu ikatengana na Dar es Salaam kwa barabara ya pwani.

Siku kama hizo mitandao inaokoa. Dereva aliyekwama anapiga picha daraja lilivyo, na basi lililokuwa bado stendi linabaki stendi. Lakini siku hizohizo ndipo zinapotoka picha za mawimbi ya nchi nyingine zikisemwa ni za Msimbati, na sauti ya mtu asiyejitaja akisema saa tisa usiku bahari itapanda. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha uchunguzi wao kuhusu habari zilizosambaa Twitter: za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa zaidi ya za kweli kwa asilimia 70, na waliozisambaza ni watu, si mashine. Sababu moja waliyoitaja ni kwamba uongo huonekana mpya na wa kushangaza. Ndiyo maana nasema mshangao wako uwe ndiyo ishara ya kusubiri.

Kwenye WhatsApp kuna alama ya mishale miwili midogo juu ya ujumbe ulioruka makundi mengi. Ukiiona, ujue aliyekutumia hakuandika yeye, na pengine hata aliyemtumia yeye hakuandika. Muulize, "Umepata wapi?" Akijibu "Kwenye kundi," hamjui, wewe na yeye. Taarifa ya hali ya hewa ifuate kwa Mamlaka yenyewe au redio. Kama ni barabara, tafuta mtu aliyeko pale, mwambie akupigie video akiwa amesimama hapo.

Nikisambaza tu, mimi sikuandika, nina kosa?

Unaweza kuwa nalo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa akijua ni za uongo kwa nia ya kupotosha umma, kukashifu au kutisha. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kutoijua asili ya ujumbe kunaweza kuwa utetezi wako mahakamani, lakini hakuna mtu anayetaka kufika huko.

Napokea video za mauaji ya ng'ambo ya Ruvuma. Nizisambaze ili watu wajue?

Hapana. Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakaingia kijiji cha Kitaya, upande wetu, kwa hiyo hofu tuliyonayo ina sababu. Lakini wengi wa watu wa bonde la Ruvuma wana ndugu pande zote mbili. Yule unayemwona amelala kwenye video anaweza kuwa mtoto wa mtu uliye naye kwenye kundi moja. Na wanaozirekodi video hizo mara nyingi ndio waliotenda, wanataka ziwafikie watu wengi iwezekanavyo. Ukizisambaza unawafanyia kazi. Ukiona jambo la kutia shaka kijijini kwako, liwahishe kwa mtendaji au polisi ana kwa ana.

Mama yangu hajui kusoma. Simu janja itamsaidia nini?

Pengine kuliko wewe. Ujumbe wa sauti umewarudisha wazee wetu kwenye mazungumzo ya familia. Bibi aliyeko Mahuta anabonyeza kitufe kimoja, anazungumza Kimakonde chake, na mjukuu aliyeko Mbagala anamsikia akiwa kwenye daladala. Bibi haandikiwi na mtu, hasomewi na mtu, siri yake inabaki yake. Nimewahi kukaa na mzee wa Kimwera akisikiliza sauti ya dada yake kwa mara ya tatu mfululizo, akijibu kwa sauti kana kwamba dada yuko barazani. Kwa watu walioachana umbali wa kilomita zaidi ya mia tano, faida hii peke yake inatosha kunifanya niutetee mtandao.

Mwekee picha ya kila mtu kwenye jina lake, ili achague kwa sura. Na umfundishe kwamba sauti asiyoifahamu haijibiwi.

Kundi la michango ya msiba limegeuka la ugomvi. Tufanye nini?

Kundi la msiba linafaa sana kwa jambo moja: kila mtu anaona hela iliyoingia na iliyotoka. Sanda, mbao, usafiri, chakula, vyote vinaonekana, na mweka hazina analala salama. Ugomvi huanza pale orodha inapobandikwa kila baada ya saa moja ikiwa na majina ya ambao hawajatoa. Aliyeko hospitali, aliyefukuzwa kazi, ambaye simu yake imezima, wote wanaanikwa. Ninaona ni ukatili. Wekeni majina ya waliotoa tu. Ambaye hajatoa, mzee wa ukoo ampigie faraghani. Na msiba ukiisha, admini afunge kundi. Makundi ya misiba yaliyoachwa wazi ndiyo yanayokuja kujaa siasa, matangazo ya dawa za nguvu na matusi mbele ya picha ya marehemu.

Watu wanarekodi unyago na jando na kuweka mtandaoni. Si ni kutangaza utamaduni?

Hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu naupenda utamaduni wetu na nataka uendelee.

Ngoma ya nje, ya siku ya kuwatoa wali (waliofundwa), wakati watu wote wa kijiji wanaiona, si tatizo kuionyesha. Vinyago, ngoma, vazi, ujuzi wa wapigaji, vyote hivyo ni vya kujivunia. Lakini mafunzo ya ndani hayakuwekwa faragha kwa bahati mbaya. Kungwi alimfundisha mwali mahali ambapo hakuna mwanamume, hakuna mtoto mdogo, na hakuna atakayelirudia somo nje. Simu moja ndani ya chumba kile inavunja kila kitu. Video ya msichana wa miaka 12 akicheza alivyofundishwa, ikitoka tu, inaingia kwenye simu za wanaume wa nchi nzima, na komenti zao nimezisoma. Atakuwa na miaka 20, anatafuta kazi au anaolewa, na video ipo. Hakuulizwa, na hata angeulizwa, kwa umri ule asingeweza kujua anachokubali.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Ila tusingoje sheria. Makungwi wengine wameshaanza utaratibu wao: simu zote zinakusanywa kwenye ungo mlangoni, anayekataa harudi ndani, awe shangazi au mgeni wa kutoka mjini. Huo ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa kila kijiji. Ukiona video ya namna hiyo, usiisambaze hata kwa kulaani. Iripoti ndani ya mtandao wenyewe, na umjulishe mzazi au ofisa ustawi wa jamii.

Mtoto aanze lini?

Facebook, Instagram na TikTok zenyewe zinasema miaka 13. Australia imeona haitoshi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 inazitaka kampuni kubwa za mitandao ziwazuie walio chini ya miaka 16. Sisi tabu yetu ni tofauti, maana mtoto wa huku mara nyingi hana simu yake, anatumia ya mama, usiku, mama akiwa amelala. Kwa hiyo ukaguzi uanze kwenye simu yako. Simu ilale chumbani kwako, siyo kwa watoto. Na utazame naye: muulize yule anayemfuatilia ni nani, anauza nini, anajuana naye wapi. Mwalimu anayemwandikia mwanafunzi saa nne usiku, binafsi, ni jambo la kuulizwa siku hiyohiyo.

Usimlaumu sana akishindwa kuacha. Ukurasa usio na mwisho, ambao ukiupandisha unaleta kingine na kingine, ulibuniwa 2006 na Aza Raskin, mbunifu wa programu, na baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Watu wazima wenyewe wanashindwa.

Mtandao ukikatika, biashara yangu inakufa. Nifanyeje?

Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikasuasua nchi nzima. Oktoba 2025 intaneti ilizimwa wakati wa uchaguzi mkuu. Kwa hiyo namba za wateja wako ziandike kwenye daftari, pamoja na madeni. Ujumbe wa kawaida wa simu hauhitaji bando. Ukitaka bando lidumu, zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe kwenye mipangilio ya WhatsApp.

Nimeshatuma hela kwa tapeli. Nianzie wapi?

Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo, omba muamala uzuiwe. Kama hela haijatolewa kwa wakala, kuna nafasi ya kuipata. Usifute ujumbe wowote hata kama unakutia aibu, maana ndio ushahidi. Nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), ukiwa na namba iliyokutapeli, namba ya muamala na saa. Kama akaunti yako ya WhatsApp ndiyo iliyochukuliwa, isajili upya kwa namba yako. Ukiingia, aliyeko upande wa pili anatolewa. Kisha watumie watu wa ukoo sauti yako mwenyewe, uwaambie namba iliyokutapeli, kiasi ulichotuma na maneno aliyoyatumia, neno kwa neno, kwa sababu maneno hayohayo yanaweza kumfikia mwingine wao jioni hiyo.